Penseli kwenye Mwimo

Kijana wa mradi alikuja Jumanne, buti mpya,
na kile chombo cha miguu mitatu cha kuchungulia mteremko.
Akauliza: Mama, maji yalifika wapi?
Sikumjibu kwa mdomo. Nilimwonyesha mwimo wa mlango.

Kushoto, penseli ya marehemu Asumwisye:
Gwamaka, miaka mitatu. Gwamaka, anaanza shule.
Tusajigwe, kabla ya surua na baada yake,
mistari miwili iliyobanana kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati.
Kulia, penseli yangu:
Machi, usiku. Aprili, mchana, tukiwa kanisani.
Na ule wa juu kabisa si penseli,
ni tope lenyewe, lilijiandika.

Kijana akapima kwa utepe.
Akasema, sentimita tisini na nne.
Nikasema, hapana. Gwamaka wa miaka mitatu.
Kwa kimo hicho nilimpandisha juu ya kabati,
na gunia la mpunga wa Kyela likachipua sakafuni
kama limerudi shamba.

Miaka yote nilijua wa kulaumu.
Loleza, kwa kuvuliwa miti na kubaki upara.
Jiji, kwa mtaro wenye kina cha sufuria.
Wale wa juu, wanaofagia taka mvua ikinguruma
na kusema, Mungu atachukua.
Mungu alichukua, akanishushia mlangoni:
ndala mojamoja, maganda ya ndizi, pampasi,
siku moja kiti kizima cha plastiki. Bado ninakikalia.

Kisha wakaanza kuchimba.
Sururu alfajiri, ukungu haujapanda,
wakifuata ramani ya kale, karatasi rangi ya chai,
kutafuta kalavati ambalo wazee walisema lipo
na ofisi ilisema halipo.
Siku ya nne msimamizi, Mwashambwa, akabisha hodi
kwa sauti ya mtu aliyebeba msiba.
Mama, samahani. Lipo. Lipo chini ya jiko lako.

Jiko.
Asumwisye alilijenga mwenyewe, wiki ya Pasaka.
Nakumbuka alivyogonga jiwe lililochongwa, akashangilia:
Msingi wa bure!
Akaumwagia zege mdomo wa maji,
nami nikamletea chai na viazi.

Maji hayagombani na mtu.
Yalikuja, yakakuta jiko, yakazunguka,
yakapita kwangu, yakashuka kwa Mwalimu Anyambilile,
ambaye miaka ishirini ameniazima koleo
bila kuniuliza kitu.
Jioni ile nilikwenda kumwambia.
Alikuwa anachambua maharage. Akasema,
Nilijua tangu masika ya pili.
Ningesema nini, na mumeo yu hai, anajisifia jiko?
Nikavuta kigoda. Tukachambua mpaka umeme ukakatika.

Nilisaini. Wakavunja kwa asubuhi moja.
Sasa upo mtaro wa zege, upana wa ng'ombe aliyelala.
Nondo nilizihesabu mwenyewe, maana fundi ni binadamu
na mifuko ya saruji ina miguu usiku.
Mifuniko minne haijaletwa. Ninapika barazani,
moshi unaingia mpaka kwenye shuka.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga Alhamisi, saa nane za usiku.
Nikakaa kwenye kile kiti cha mafuriko,
nikasikiliza mto ukipita palipokuwa na jiko langu,
ukibiringisha mawe, ukiongea peke yake, ukienda.
Ukienda wapi? Bondeni daraja bado ni jembamba,
awamu ya pili imelala kwenye makabrasha.
Huko nako pana mlango, na mtu ameamka.

Asubuhi mjukuu akasimama kwenye mwimo,
visigino ukutani, akiiba kimo kwa vidole.
Nilichora upande wa kushoto.
Kulia nikaacha.
Penseli sijaitupa.